Kibaraza kinapozama, usikimbilie marumaru

Gololi ndiyo huwa ya kwanza kutoa habari. Mtoto anaiweka mbele ya mlango akitaka kumrushia mwenzake, lakini kabla hajaigusa inaanza kwenda yenyewe. Inakata kibaraza mshazari na kuishia kona ya kushoto, chini ya nguzo. Mtoto anacheka, anaichukua na kuiweka tena. Inarudi kulekule.

Watu wazima huchelewa kuona. Wanashtuka siku maji ya kudekia yanapotuama kona moja badala ya kutoka nje. Au siku mlango wa mbele unapoanza kugoma kufunga wakati wa mvua. Au pale ufa unapojitokeza kati ya kibaraza na ukuta wa nyumba, mwembamba kama uzi, na baada ya masika mawili unaingiza ncha ya kidole.

Hapo ndipo mazungumzo ya familia yanapoanza, na mara nyingi yanaanzia pabaya: marumaru za rangi gani?

Kwa wakazi wa Himo na vijiji vinavyoizunguka, swali hilo lina msimu wake. Mwisho wa mwaka watoto walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wanapanda kuja nyumbani kwa Krismasi. Fedha za kurekebisha nyumba huja kipindi hicho, na kila mtu anataka wageni wakute pamependeza. Tatizo ni kwamba Novemba na Desemba ni miezi ya mvua za vuli. Kazi inafanywa harakaharaka juu ya udongo uliolowa, fundi akiwa na nyumba nyingine tatu zinazomsubiri. Masika yakipita, kati ya Machi na Mei, kona ileile imezama tena, safari hii ikiwa na marumaru juu yake.

Kibaraza si pambo

Neno baraza limebeba mengi katika Kiswahili. Ni sehemu ya kukaa mbele ya nyumba, na ni kikao chenyewe cha watu wanaokaa hapo kuamua mambo, hadi tukapata Baraza la Mawaziri. Katika nyumba za mawe za pwani, baraza ni kiti kirefu cha kujengea kando ya mlango. Huku chini ya Mlima Kilimanjaro, kibaraza cha mbele ni mahali pa kuvua viatu vyenye tope, kuchambua maharage, kufanyia kazi za shule na kumpokea mgeni ambaye hajafikia hatua ya kuingizwa sebuleni.

Siku ya msiba au ya ubatizo, watu 20 hukaa juu yake kwa wakati mmoja. Bibi hupita hapo akiwa na kikombe cha chai, na mtoto anayeanza kutembea hujifunzia hapo. Kwa hiyo kibaraza kilichoinama ni hatari ya kweli. Mzee akivunjika nyonga familia nzima inabadilisha maisha yake, na kinachomwangusha hakihitaji kuwa shimo. Tofauti ya sentimita 2 kati ya kizingiti na sakafu inatosha.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Katika nyumba nyingi nguzo za kibaraza ndizo zinazobeba paa la mbele. Nguzo ikishuka, kenchi inashuka nayo, bati zinafunguka kwenye maungio na maji yanaingia sebuleni. Jambo lililoanza na gololi linaishia kwenye dari.

Kwa nini kibaraza, na si nyumba?

Swali hili huwasumbua wengi. Nyumba imesimama imara miaka 15, kibaraza kilichojengwa kwa saruji ileile kinazama. Sababu mara nyingi ni moja kati ya hizi nne, au zote kwa pamoja.

Ya kwanza ni umri. Vibaraza vingi vimeongezwa baadaye. Nyumba ilichimbiwa msingi hadi kwenye udongo mgumu, lakini kibaraza kikawekewa tofali mistari miwili mitatu juu ya ardhi, ndani kikajazwa kifusi, kisha jamvi likamwagwa. Nyumba imekaa juu ya udongo wa asili, kibaraza kimekaa juu ya kifusi.

Ya pili ni kifusi chenyewe. Kilipojazwa hakikushindiliwa kwa tabaka. Kilimwagwa chote kwa siku moja, kikakanyagwa juu kidogo, zege likafuata. Ndani yake kuna vipande vya tofali, mifuko ya saruji, pengine hata mizizi. Mifuko na mizizi huoza, udongo hujipanga upya, na nafasi tupu inabaki chini ya zege.

Ya tatu ni maji. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 40 ukipata mvua ya milimita 50, zinashuka lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Kama hakuna gata, ndoo zote hizo zinamwagika kwenye mstari mmoja, ukingoni mwa kibaraza, pale pale penye msingi wake mfupi. Himo iko chini ya miteremko ya Marangu na Kilema, kwa hiyo maji ya juu nayo yanapita kuelekea tambarare. Mfereji uliohamishwa njia na jirani, au mfongo unaovuja kwa wanaoishi juu zaidi, unaweza kulowesha msingi hata siku ambayo mvua haijanyesha.

Ya nne ni udongo wa eneo husika. Udongo mwekundu wa miteremkoni una tabia yake. Ukishuka kuelekea Kahe unakuta udongo wa tambarare ulioletwa na mito. Penye mfinyanzi mzito, udongo hufura wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi hadi ardhi ikafanya nyufa. Nyumba nzito yenye msingi wa kina huvumilia mchezo huo. Kibaraza chepesi chenye msingi mfupi kinapandishwa na kushushwa kila mwaka hadi kinakatika.

Kwenye viwanja vya zamani kuna la ziada la kuuliza: hapa mbele palikuwa na nini? Shimo la choo la miaka ya nyuma, shimo la taka au kisiki cha mti mkubwa vikifukiwa vibaya huendelea kushuka kwa miaka mingi. Bibi wa nyumba ndiye anayekumbuka, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Kufunika ni kuongeza mzigo

Chukua mfano wa nyumba moja ya kawaida, si mbali na Njiapanda. Bibi mwenye nyumba amevuka miaka 70. Binti yake anaishi naye pamoja na wajukuu wawili, na kijana wake wa kwanza yuko Dar es Salaam. Mwezi wa kumi na moja kijana anapiga simu.

"Shikamoo mama. Nimeona picha ya kibaraza. Mwambie fundi aweke marumaru, fedha natuma wiki ijayo. Krismasi wageni wakute pamependeza."

"Marahaba mwanangu. Kupendeza ni sawa. Lakini mimi nikitoka na chai yangu naona kama natelemka."

Fundi anakuja na nondo fupi mkononi. Anagonga sakafu karibu na mlango, inatoa sauti nzito. Anagonga kona ya kushoto, inalia kama debe tupu.

"Mama, hapa chini ni pango," anasema. "Tukiweka marumaru leo, baada ya masika utanilaumu mimi."

Fundi wa aina hiyo ni wa kushikilia, maana amekataa kazi rahisi. Na hesabu iko upande wake. Kibaraza cha mita 4 kwa mita 1.5 kina mita za mraba 6. Ukitaka kukisawazisha kwa kumwaga zege jipya la sentimita 5 juu ya lile la zamani, unaongeza takriban kilo 720. Huo ni uzito wa mifuko 14 ya saruji, umewekwa juu ya kitu ambacho tayari kinazama. Marumaru na udongo wake wa saruji nazo zinaweza kuongeza kilo 300 na zaidi.

Marumaru pia hazijui kupinda. Sakafu ya saruji tupu ikishuka kidogo inaonyesha ufa mmoja. Ya marumaru inapasuka vipande au inabanduka, na kwa kuwa imefunika nyufa za chini, hutajua kinachoendelea hadi kishindo kisikike. Zile laini zinazong'aa huwa na utelezi mkali zikilowa, na kibaraza ni mahali panapolowa.

Kufunika kwa mbao nako kuna wanaokupenda, hasa wakiona picha mtandaoni. Mbao juu ya zege lenye unyevu, katika mazingira yenye mchwa, hazidumu, na uwazi ulio chini yake unabaki ulivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa kibaraza ni dalili tu, ugonjwa uko ardhini. Hata mnara maarufu wa Pisa, Italia, ulioinama kwa sababu ya udongo laini, ulifungwa kwa watalii kuanzia 1990 hadi 2001, na kilichouokoa ni kazi iliyofanywa chini yake: wahandisi walitoa udongo kidogokidogo upande usiozama hadi mnara ukarudi nyuma kiasi.

Pima kwanza, ni bure

Kabla ya kumwita fundi, familia inaweza kujua mengi kwa vifaa vilivyomo ndani.

Anza na gololi ya mtoto. Iweke mlangoni, katikati na kwenye kona zote. Kibaraza kizuri hakiko sawa kabisa. Kinatakiwa kuteremka kidogo kuelekea nje, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yatoke. Kwa hiyo gololi inayokwenda moja kwa moja uani si mgonjwa. Inayokwenda kando, au inayorudi mlangoni, ndiyo ya kutilia shaka.

Pili, gonga sakafu nzima kwa nondo au kwa mpini wa nyundo na uzungushie chaki sehemu zinazolia tupu. Ukimaliza una ramani ya tatizo.

Tatu, pima ufa. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa kila upande na uandike tarehe ukutani. Kadi ya benki ina unene wa chini kidogo ya milimita 1. Kama haiingii, endelea kuangalia tu. Kama inaingia, pima kila mwezi kwa rula. Ufa unaozidi milimita 5, unaopanuka mwezi hadi mwezi, au unaopanda kutoka sakafuni kwenda kwenye ukuta wa nyumba, si wa kusubiri. Mwite mhandisi au fundi mwenye uzoefu wa misingi.

Nne, angalia nguzo. Ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka juu ya nguzo ulinganishe, hiyo ni timazi ya bure. Nguzo iliyoinama au iliyoachana na boriti ya juu ina maana kazi hii si ya sakafu peke yake.

Tano, mvua ikinyesha, toka na mwavuli uangalie maji. Dakika kumi za kusimama hapo zitakufundisha kuliko saa nzima ya mabishano ndani.

Maji kwanza, saruji baadaye

Chochote utakachoamua, kazi ya kwanza ni kuyaondoa maji. Funga gata kwenye ukingo wa paa na ushushe bomba hadi kwenye tangi au mtaro. Zile lita 2,000 zilizokuwa zinaua kibaraza zinageuka kuwa maji ya kufulia. Kando ya kibaraza, ardhi iteremke kwenda mbali na nyumba. Mtaro wa kando usiishie kwa jirani wa chini, maana tatizo litahama tu, pamoja na ugomvi.

Habari njema ni kwamba kazi hii inaweza kufanywa hata Desemba. Na mara nyingine inatosha: maji yakishaondolewa, kibaraza kilichozama kidogo kinatulia. Kiache kipite masika moja, ukisoma zile alama za penseli. Kama hazijasogea, una tatizo la sura tu, na hapo ndipo kusawazisha juu kunapokubalika.

Njia tatu za kutengeneza

*Kimetulia, kimeshuka kidogo.* Kama jamvi halilii tupu na nyufa hazikui, uso wa zamani unakwanguliwa hadi uwe na mikwaruzo, unasafishwa vumbi lote na kuloweshwa. Kisha unapakwa uji mzito wa saruji, na tabaka jipya linawekwa kabla uji haujakauka. Ukipuuza mikwaruzo na uji huo, tabaka jipya litabanduka kama ganda.

*Jamvi zima, chini ni tupu.* Kama zege lenyewe ni imara lakini kuna uwazi mdogo chini, fundi anaweza kutoboa matundu machache na kumimina mchanganyiko mwepesi wa saruji na mchanga laini hadi ujae. Njia hii hujaza nafasi, haiinui kilichoshuka. Haifai pale ambapo kifusi bado kinashuka.

*Kimekatika au kinaendelea kuzama.* Hapa hakuna mkato. Kivunjwe na kujengwa upya kuanzia chini. Kama nguzo zinabeba paa, paa litegemezwe kwanza kwa mirunda imara iliyokaa juu ya vipande vya mbao nje ya eneo la kuchimba. Mtu yeyote asichimbe chini ya nguzo yenye mzigo. Na kama msingi wa nguzo ndio unaozama, usichimbwe wote kwa mara moja. Huchimbwa na kujazwa zege kipande kwa kipande, chini ya usimamizi wa anayejua.

Baada ya kuvunja, kifusi chote cha zamani kitolewe. Msingi wa pembeni uchimbwe hadi udongo mgumu wa asili. Kina hakikaririwi, kinafuata udongo. Kisha moramu inajazwa kwa tabaka za sentimita 10 hadi 15, na kila tabaka inaloweshwa kiasi na kushindiliwa kabla ya nyingine kuwekwa. Moramu iliyo na maji ya kutosha ukiifinya mkononi inashikana bila kutoa maji. Iliyoshindiliwa vizuri ukiikanyaga kwa kisigino haiachi shimo. Juu yake huja tabaka ya mawe, karatasi nene ya nailoni ya kuzuia unyevu, wavu wa BRC ulioinuliwa kwa vipande vya mawe ili ukae ndani ya zege na si chini yake, kisha zege lenyewe.

Pale jamvi la kibaraza linapokutana na ukuta wa nyumba, acheni nafasi ya kiasi cha sentimita 1 na kuijaza kitu kinachovutika, kama lami au silikoni ya ujenzi. Nyumba na kibaraza vina misingi tofauti. Vikigandishwa pamoja, kimoja kikisogea kitamvuta mwenzake. Sakafu ya kibaraza ibaki chini ya sakafu ya ndani, na mteremko wa kwenda nje usisahaulike. Kwa upana wa mita 1.5, ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 3 kuliko mlangoni.

Mapishi ya zege la mita sita za mraba

Kibaraza cha mita 4 kwa 1.5, zege likiwa na unene wa sentimita 10, kinahitaji mita za ujazo 0.6. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, mahitaji ni karibu haya:

Saruji: mifuko 4 ya kilo 50.
Mchanga: ndoo 14 za lita 20.
Kokoto: ndoo 28 za lita 20.

Kila mfuko mmoja wa saruji unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji yasizidi ndoo moja na robo kwa mfuko, na yapungue kama mchanga umelowa. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kusambaza, lakini likikauka huwa dhaifu na lenye nyufa.

Mchanga wa mto upimwe. Weka kiasi kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha utulie saa kadhaa. Udongo laini utakaa juu ya mchanga. Kama tabaka hiyo ya udongo inafikia sehemu moja ya kumi ya mchanga, mchanga huo ni mchafu, tafuta mwingine.

Zege likishamwagwa, kazi ya familia inaanza: kulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7, na mchana kulifunika kwa magunia mabichi au nailoni. Wajukuu wanaipenda kazi hii. Miezi mikavu, Januari na Februari au Julai hadi Septemba, ndiyo mizuri kwa uchimbaji, ila ndiyo inayodai umwagiliaji zaidi. Marumaru, kama bado zinatakiwa, zisubiri angalau mwezi, na ziwe zenye uso wa kukwaruza.

Watoto, wazee na shimo la mbele

Kazi hii inafanyika mlangoni kwa watu. Siku moja kabla ya kuvunja, amueni njia nyingine ya kuingilia, hasa kwa mzee na kwa usiku. Shimo lizungushiwe kamba na lifunikwe kwa mbao kila jioni. Saruji mbichi huunguza ngozi na macho, kwa hiyo anayechanganya avae buti na glavu, na mtoto asiruhusiwe kuchezea zege hata kwa utani wa kuweka alama ya kiganja. Akigusa, aoshwe kwa maji mengi mara moja.

Picha ya shimo

Kwa mtoto anayetuma fedha kutoka mbali, ushauri ni mmoja: omba picha ya shimo kabla ya kuomba picha ya marumaru. Picha ya udongo mgumu ulipofikiwa, ya tabaka la kwanza la moramu, la pili na la tatu, ya BRC kabla ya zege. Kilichofukiwa hakionekani tena, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Makubaliano na fundi yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, na malipo yafuate hatua: kuvunja na kuchimba, kujaza na kushindilia, kumwaga zege, kumalizia. Fundi naye anahitaji ulinzi huo, maana mara nyingi analaumiwa kwa kazi aliyoamriwa kuifanya haraka.

Katika ile nyumba ya Njiapanda, Desemba walifunga gata, wakachimba mtaro na kutegemeza nguzo kwa mirunda miwili. Basi. Kijana alipofika Krismasi alikuta kibaraza kilekile na mirunda imesimama mbele ya nyumba, na hakufurahi. Asubuhi ya pili alimwona mama yake akitoka na chai, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umeshika ukuta. Hakutaja tena marumaru. Fedha aliibakisha, na Januari, wageni walipokwisha ondoka, kazi ikaanza.

Sasa sakafu ni saruji ya kijivu iliyopigwa niru ya kukwaruza, haina cha kumwonyesha mgeni. Mjukuu bado anaweka gololi yake mlangoni, na bado inaondoka yenyewe. Lakini haiendi kona. Inanyooka moja kwa moja hadi ukingoni na kudondoka uani, njia ileile inayopitwa na maji.